Nadhiri iliyodumu siku tano: uchambuzi wa kisa cha binti anayejidhuru

Binti ana miaka 17. Anaimba kwaya, baba yake ni mzee wa kanisa, na kwa zaidi ya mwaka amekuwa akijikata kwa siri. Siku moja ya mazoezi alikunja mikono ya blauzi ili anawe, na mlezi wa vijana, mwanamke wa makamo ambaye vijana humwita mama mlezi, akaona makovu na vidonda vibichi. Ndani ya siku kumi kanisa lilifanya karibu yote ambayo makanisa hufanya. Alipelekwa kwa mchungaji. Akasomewa mstari wa mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Akaombewa kwa sauti kubwa. Kikundi cha maombi kikaambiwa kimkumbuke "dada mmoja wa kwaya mwenye vita na mwili wake", na kwa kuwa kwaya ina mabinti sita tu, kila mtu alijua ni nani. Mwisho akaitwa mbele ya wazee wawili, akalia, akaweka nadhiri kwamba hatarudia. Baba akaanza kumkagua mikono kila jioni.

Wiki tatu mikono ilikuwa safi na watu walimshukuru Mungu. Wiki ya nne mama yake akakuta damu kwenye shuka. Binti alikuwa amehamia sehemu ya mwili ambayo baba hawezi kuikagua, na alipoulizwa vizuri alisema alirudia siku ya tano baada ya nadhiri.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia katika visa vya aina hii, ili tuone kila hatua ilizaa nini na ingebadilishwaje.

Nadhiri ilifanya nini

Waliomtaka aweke nadhiri walikuwa na nia njema, na nadhiri hiyohiyo ndiyo iliyomdhuru zaidi. Mtu aliyeahidi mbele za Mungu na wazee, akirudia, ana mambo mawili ya kuficha: kidonda, na ahadi iliyovunjika. Mama mlezi, ambaye angeweza kupigiwa simu usiku ule wa siku ya tano, alikuwa shahidi wa nadhiri. Kumpigia kungekuwa kukiri kwamba machozi ya mbele ya wazee yalikuwa bure. Msukumo wa kujiumiza ulibaki palepale, na binti akabaki hana wa kumwambia.

Mhubiri 5:4-5 inaonya juu ya nadhiri isiyotimizwa, na binti anayelia mbele ya watu wazima wawili hana nafasi ya kupima anachoahidi. Wataalamu wa afya ya akili nao waliwahi kutumia kitu kinachofanana na hicho: mgonjwa alitia sahihi mkataba kwamba hatajiua. Wengi wameuacha, kwa sababu hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba unazuia chochote, na ulimfanya mgonjwa aogope kusema ukweli kwa mtu aliyeshika karatasi yake. Nafasi yake imechukuliwa na mpango wa usalama, ambao tutauona hapa chini. Mkataba unasema "sitafanya". Mpango unasema "hali ikinijia, nitaanza na hiki, kisha hiki".

Ukaguzi wa kila jioni ulikuwa na kasoro ileile. Ulimfundisha binti kuficha vizuri zaidi, na ulifanya mwili wake uwe kitu cha kupekuliwa na mwanamume, hata kama ni baba.

Kujidhuru kulikuwa kunamfanyia nini

Hili ndilo swali ambalo halikuulizwa kwa siku kumi. Kila mtu aliuliza "kwa nini unafanya hivi?", kwa sauti ambayo tayari ilikuwa na hukumu ndani yake, naye akajibu "sijui". Mama mlezi alipokuja kuuliza "baada ya kufanya, kwa dakika zile chache, kinabadilika nini?", jibu lilikuja bila shida: "Kelele zinanyamaza."

Watu wengi wanaojidhuru husema hivyo kwa maneno yao: hisia kali isiyobebeka hushuka kwa muda. Wengine hujiadhibu. Wengine wamekufa ganzi moyoni na wanatafuta kuhisi chochote. Mara nyingi sababu zimechanganyika. Tabia hii huanza zaidi katika umri wa miaka 12 hadi 14, wakati hisia ni kali na uwezo wa kuzituliza bado haujakomaa, na hurudiwa kwa sababu inatuliza haraka. Wanaosema "anatafuta tu watu wamwone" wajibu kwanza kwa nini alivaa mikono mirefu mwaka mzima.

Wiki ya tano mama mlezi na binti walikaa wakafuatilia tukio moja tu, la Jumapili, hatua kwa hatua kama mtu anayerudisha mkanda nyuma. Asubuhi alikosea ubeti wa kuongoza. Mchana mwanakwaya mmoja akaandika mzaha kuhusu kosa hilo kwenye kundi la simu la kwaya. Jioni baba akasema, bila ukali, "Mtoto wa mzee wa kanisa anatazamwa." Hakula chakula cha usiku. Saa nne alikuwa kitandani, mlango umefungwa, anausoma mzaha ule kwa mara ya nane au ya tisa. Wazo lililokuja lilikuwa: nimemwaibisha Mungu. Akajiumiza. Utulivu ukadumu kama dakika kumi. Kisha aibu, kisha akapiga magoti na kutubu kwa muda mrefu akijiita majina mabaya, kisha akalala saa nane usiku. Jumatatu aliamka amechoka, hajala, na yuko karibu zaidi na tukio linalofuata.

Mnyororo kama huu unaonyesha mambo ambayo mahubiri hayawezi kuonyesha. Mahali pepesi pa kuukatia si pale mwisho, mkono ukiwa tayari umeshika kitu. Ni kwenye chakula cha usiku, kwenye simu iliyoingia chumbani, kwenye mlango uliofungwa. Na sala ya toba ya usiku ilikuwa imegeuka kuwa sehemu ya mzunguko: adhabu ya pili baada ya ya kwanza, iliyomwacha na aibu nyingi kuliko alizoanza nazo. Mshauri asiyejua imani asingeligundua hili haraka. Mlezi wa kanisa aliligundua, na hapo ndipo nafasi yake halisi ilipo.

Tahadhari moja: uchunguzi wa aina hii hufanywa siku moja au mbili baada ya tukio, mtu akiwa ametulia na ameshiba. Ukifanywa usiku uleule unakuwa mahojiano ya polisi.

Swali ambalo wote waliliogopa

Katika siku kumi za mwanzo hakuna aliyemuuliza kama anataka kufa. Waliogopa kwamba kulitaja neno ni kulipanda. Tafiti zilizochunguza hofu hiyo hazikuiunga mkono: kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpi wazo hilo, na wapo wanaopata nafuu kwa kuulizwa.

Kujidhuru na kutaka kujiua si kitu kimoja. Wengi wanaojidhuru wanatafuta namna ya kuendelea kuishi na maumivu, na wengi wao hawafi kwa kujiua. Hata hivyo hatari yao ya kujiua ni kubwa kuliko ya wengine, na nia ya mtu hubadilika. Ndiyo maana swali linaulizwa kila mara, hata kama lilijibiwa vizuri mwezi uliopita. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unawaonya hata wataalamu wasitegemee madodoso ya alama kutabiri nani atajiua na nani hatajiua. Mlezi wa vijana naye asijidanganye kwamba anaweza kusoma usoni.

Maneno yaliyotumika yalikuwa haya: "Unapojiumiza, unataka kufa, au unataka maumivu ya ndani yatulie? Umewahi kufikiria kujiua? Na leo? Umeshafikiria namna au siku?" Alijibu kwamba hataki kufa, ila kuna asubuhi anatamani asingeamka. Hana namna wala siku. Kwa jibu hilo, hatua ni kumwona mtaalamu wiki hiyohiyo, si mwezi ujao.

Angesema ana namna na siku, mambo yangebadilika palepale: haachwi peke yake hata dakika, dawa na vitu vya hatari vinaondolewa, na anapelekwa hospitali siku hiyo, hata kama usiku huo kuna mkesha wa maombi. Mkesha unaweza kuendelea bila yeye. Akiwa amemeza kitu chochote, anapelekwa hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima. Parasetamoli ikizidi huharibu ini kimyakimya, na siku ya kwanza mtu anaweza kuonekana hana neno wakati dirisha la tiba linafungwa. Kama anayesoma haya ndiye aliye katika hali hiyo usiku huu, amwamshe mtu aliye karibu au apige namba ya dharura ya mahali alipo kabla ya kuendelea kusoma.

Kuhusu vidonda vyenyewe, mlezi anatakiwa awe mtulivu kama muuguzi. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuachia kuchungulia, kisha osha kwa maji safi na funika. Damu isiyokoma baada ya hapo, kidonda kirefu kilichoachana, ganzi au kushindwa kusogeza kidole ni kazi ya hospitali, na huko chanjo ya pepopunda iulizwe. Siku zinazofuata, wekundu unaosambaa, usaha au homa vinamrudisha kwa daktari. Usimpigie kelele wakati unafunga kidonda, na usimbembeleze kupita kiasi pia. Msamaria wa Luka 10 alitia mafuta na divai, akafunga jeraha, akampeleka mtu mahali pa kutunzwa. Hatusomi kwamba alimhoji.

Siri

Kosa la kikundi cha maombi lilimgharimu binti zaidi ya kosa lingine lolote isipokuwa nadhiri. Ombi la maombi lenye maelezo ya mtu ni taarifa, na taarifa hutembea. Ilibidi mama mlezi amwombe radhi kwa maneno ya wazi, bila "lakini tulitaka tu kukuombea".

Kosa la upande wa pili ni kuahidi siri kamili. Mlezi hawezi kuitunza ahadi hiyo, na akiivunja baadaye amekwisha. Kauli inayofaa ni hii, na inasemwa kabla binti hajaeleza mengi: "Sitamwambia mtu bila wewe kujua. Lakini maisha yako yakiwa hatarini, au kukiwa na mtu anayekuumiza, sitakaa nalo peke yangu. Hata hapo, wewe utakuwa wa kwanza kujua namwambia nani." Maneno "mtu anayekuumiza" yamewekwa makusudi. Kuna visa ambamo chanzo cha yote ni kupigwa au kunajisiwa nyumbani, na mlezi anayekimbilia kwa wazazi kabla ya kuuliza anaweza kumrudisha mtoto mikononi mwa anayemuumiza. Likijitokeza jambo la namna hiyo, linakwenda kwa mamlaka za ulinzi wa mtoto. Baraza la wazee si mahali pake. Katika kisa hiki aliulizwa, na halikuwepo.

Mazungumzo yenyewe yafanyike mahali ambapo watu wanaonekana lakini hawasikiki, na mlezi mwanamume asikae peke yake na binti.

Maandiko yaliyotumika, na yaliyoachwa

Mstari wa hekalu, 1 Wakorintho 6:19, Paulo aliuandika akizungumzia zinaa. Mwili ni wa Bwana, hilo ni kweli kwa kila jambo, lakini kwa binti anayejichukia mstari huo ulisikika kama shitaka jipya: umechafua na hekalu. Mambo ya Walawi 19:28 unakataza kujichanja kwa ajili ya wafu, na manabii wa Baali katika 1 Wafalme 18:28 walijikata ili mungu wao awajibu. Hiyo ni ibada na maombolezo ya mataifa. Kumwambia msichana mwenye sonona kwamba yuko kundi moja na manabii wa Baali ni ukatili, na ufafanuzi wenyewe hausimami.

Kisha kuna Marko 5. Mtu wa makaburini alijikata-kata kwa mawe, na wengi huishia hapo na kuanza kukemea. Wakisoma aya ya 4 wataona jamii yake ilikuwa imemfanyia nini: pingu na minyororo, mara nyingi, bila faida. Ukaguzi wa kila jioni ni wa ukoo huo. Sura hiyo haitupi ruhusa ya kuhitimisha kwamba kila anayejidhuru ana pepo. Maombi ya kelele, kushikwa kwa nguvu na kulazimishwa kukiri pepo humwongezea hofu na kumfanya aamini kwamba ndani yake kuna kitu cha kutisha. Anayetaka kumwombea amuulize kwanza: "Nikuombee? Kwa sauti au kimya? Nikushike mkono au nisikushike?" Dakika mbili zinatosha.

Kufunga nako kulisimamishwa. Binti alikuwa amepangiwa mfungo wa siku tatu "wa kuvunja kifungo". Njaa na kukosa usingizi hupunguza uwezo wa mtu kustahimili hisia kali, na mnyororo wa Jumapili ulionyesha tayari kwamba kulala bila kula ni mlango. Anayeona huku ni kulegeza imani asome 1 Wafalme 19. Eliya aliomba afe. Akalala. Malaika akampa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena chakula, na mazungumzo yakaja baadaye kabisa.

Lililokuwa kiini kwake lilijitokeza wiki ya sita, aliposema: "Nikiona damu, najua nimelipa." Hapo Ukristo una neno ambalo tiba peke yake haina: deni hilo limelipwa na mwingine mara moja, na Yohana 19:30 inasema limekwisha. Warumi 8:1 haimwekei aliye katika Kristo hukumu nyingine ya kumalizia mwenyewe. Lakini neno hilohilo likitumiwa kama fimbo, "kwa hiyo umeudharau msalaba", linaongeza deni badala ya kulifuta. Mama mlezi alilisema mara moja, mchana, bila kudai jibu, na akabadilisha sala ya usiku. Badala ya toba ndefu, Zaburi ya 13 au ya 88 kwa sauti ya chini. Ya 88 inaishia gizani bila shukrani yoyote, na binti alishangaa kwamba kitu kama hicho kimo kwenye Biblia.

Mpango wa usalama

Muundo unaotumika sana ni wa wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, uliochapishwa mwaka 2012, wenye hatua sita. Uliandikwa na binti mwenyewe, kwa maneno yake, kwenye kadi inayoenea nyuma ya simu. Ulisomeka hivi:

Dalili zangu: sijala jioni, nasoma ujumbe uleule tena na tena, nasikia "nimemwaibisha Mungu".

Peke yangu: simu inabaki sebuleni. Maji baridi usoni. Kuvuta pumzi nikihesabu nne, kuitoa nikihesabu sita, "Bwana Yesu" ikiingia na "nihurumie" ikitoka. Zaburi ya 13.

Mahali na watu wa kunipoza bila kueleza: kukaa jikoni na mama. Kucheza na mdogo wangu.

Watu wa kuwaambia: mama mlezi hadi saa nne usiku. Shangazi baada ya hapo. Neno letu la siri ni "ubeti wa pili".

Wataalamu: mshauri nasaha, hospitali, namba ya dharura.

Nyumba: mama anafungia dawa na vitu vyenye makali.

Maji baridi yana sababu yake. Uso ukizamishwa kwenye maji baridi kwa sekunde 15 hadi 30 huku pumzi imezuiwa, mapigo ya moyo hupungua, na hisia kali hushuka kidogo, kiasi cha kutosha kufikia hatua inayofuata. Mwenye ugonjwa wa moyo au matatizo ya kula amuulize daktari kwanza. Mbinu ya kujichapa na mpira wa mkononi, inayopendekezwa na wengi, haikuwekwa, kwa kuwa inaendelea kumfundisha kwamba dawa ya maumivu ni maumivu.

Kufungia vitu hakumzuii mtu aliyedhamiria. Kunachelewesha, na kuchelewesha kuna thamani kwa sababu msukumo hupanda kisha hushuka. Neno la siri nalo lina kazi: mtu aliye kwenye wimbi la hisia hana sentensi, ila maneno matatu anaweza kuyaandika. Na saa nne ilikuwa mpaka wa mama mlezi, uliokubaliwa. Mlezi anayepokea simu saa tisa usiku kila siku huchoka ndani ya mwezi mmoja, na uchovu wake huishia kuwa hasira kwa yule aliyetaka kumwokoa.

Baba

Kikao na wazazi kilipangwa na binti: nani awepo (wazazi na mama mlezi, mchungaji hapana), nani aanze kusema, na nini kisisemwe. Kilichukua kama dakika arobaini. Baba alianza na "Tumekukosea nini?", ambalo kwa sikio la binti lilikuwa ombi la kumtuliza baba. Mama mlezi akamwomba alishike swali hilo, amletee yeye siku nyingine. Wazazi wanahitaji mahali pa kulia, na mtoto si mahali hapo.

Ukaguzi ulikoma siku hiyo. Baba aliogopa, na haki yake kuogopa, kwa hiyo alipewa kitu mbadala cha kufanya: wakati wa chakula cha usiku anauliza "leo ni ngapi?", na binti anajibu kati ya 0 na 10. Hadi 5, mazungumzo yanaendelea na mambo mengine. 6 au zaidi, mlango wa chumba unabaki wazi na kadi inatolewa. Bila maelezo, bila mahubiri. Wiki ya kwanza alijibu 3 kila siku, jambo ambalo halikumdanganya mtu. Wiki ya pili alisema 7, na mama akakaa naye jikoni hadi saa tano.

Tiba

Kanisa halitibu sonona, kama lisivyotibu mfupa uliovunjika. Mlezi ni daraja, na aende na binti siku ya kwanza ya miadi, kwa sababu miadi ya kwanza ndiyo inayokimbiwa. Tiba yenye jina kubwa kwa watu wanaojidhuru mara kwa mara inaitwa kwa kifupi DBT (Dialectical Behavior Therapy), tiba inayomfundisha mtu stadi za kustahimili hisia kali. Ina mazungumzo ya ana kwa ana, kundi la kujifunza stadi, simu za msaada kati ya vikao, na timu inayowasaidia wataalamu wenyewe. Mwanzilishi wake, Marsha Linehan wa Marekani, alichapisha jaribio lake la kwanza mwaka 1991. Mwaka 2011 akaeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe akiwa msichana alijidhuru na kulazwa hospitali, na kwamba imani yake ya Kikatoliki ilikuwa sehemu ya kupona kwake. Wanaobishana kama ni saikolojia au ni maombi wangemsikiliza kwanza.

Pasipo na DBT, mshauri anayetumia tiba ya kubadili fikra na tabia anafaa. Hakuna dawa ya kutibu kujidhuru kwenyewe, ila sonona au wasiwasi unaoambatana nako unaweza kuhitaji dawa, na daktari akiandika, mtu wa kanisa asimwambie aache kwa imani.

Aliporudia

Wiki ya tisa alijiumiza mara moja, saa tatu usiku, na dakika ishirini baadaye mama mlezi akapokea ujumbe: "ubeti wa pili nimechelewa." Kwa hesabu ya nadhiri, hiyo ni kuanguka. Kwa hesabu ya mpango, ni mara ya kwanza kwa zaidi ya mwaka kwamba mtu mwingine alijua usiku uleule. Majibu ya mama mlezi yalikuwa mafupi: "Asante kwa kuniambia. Kidonda kikoje? Unataka kufa usiku huu? Nani yuko nyumbani? Mwamshe mama, nami nabaki kwenye simu mpaka afike." Maandiko hayakutajwa. Kesho yake jioni wakapitia mnyororo, wakakuta kadi ilikuwa chumbani na simu nayo ilikuwa chumbani, kwa hiyo alianza na simu. Kadi ikahamishiwa sebuleni, pale simu inapolala.

Kwaya hakuondolewa. Kumsimamisha huduma "hadi apone" kungekuwa kumnyang'anya sehemu moja ya wiki ambayo hujisikia ana kazi. Aliyeandika mzaha aliongea na kiongozi wa kwaya, bila kuambiwa chochote kuhusu binti. Sare za mikono mifupi ziliruhusiwa kuvaliwa na fulana ya ndani ya mikono mirefu, kwa yeyote anayetaka, ili asiwe peke yake. Kwa wanaouliza kuhusu makovu aliandaa sentensi moja: "Ni ya zamani, na sipendi kuyazungumzia."

Ombi la ushuhuda

Mwezi wa tano kamati ya kongamano la vijana ilimwomba asimame atoe ushuhuda. Mama mlezi alishauri hapana, kwa sababu mbili. Kujidhuru huweza kuambukizana kati ya vijana wanaosikia maelezo ya jinsi kulivyofanyika na jinsi kulivyotuliza, na mtu aliyeshangiliwa jukwaani kwa kupona anarudi kwenye nadhiri ileile, mbele ya mashahidi wengi zaidi. Kamati ilipewa kitu kingine cha kufanya na nafasi hiyo: mshauri nasaha azungumze nusu saa kuhusu hisia kali na mahali pa kupata msaada, bila kisa cha mtu yeyote, na walezi wawili wakae nyuma ya ukumbi baada ya kipindi kwa atakayetaka kuongea. Binti aliombwa aimbe. Alisema atafikiria, na kwamba hataongoza ubeti.